Siku Rabi Hizkiyo Alipozuia Torati

Mmenisumbua weee na habari za Rabi Hizkiyo, kana kwamba mtaa wa Wayahudi wa Bukhara hauna mdomo mwingine ila wangu. Haya, kaeni. Atakayenikatiza atamalizia mwenyewe.

Rabi alikuwa mtu mfupi, mabega yamepinda kwa kuinamia vitabu. Wenzake walipohamia ng'ambo yeye alibaki, maana sisi tuliobaki tulihitaji wa kutuchinjia kuku na kutuozeshea watoto. Kila sikukuu alikuwa na la kusema. "Pasaka haikumtokea babu yako," alikuwa akituambia. "Imekutokea wewe, asubuhi ya leo, wewe unayesinzia mbele ya runinga."

Mwaka ule maneno yake yakamrudia mwenyewe. Mezani kwetu Pasaka, mtu mmoja hufunga mkate usiotiwa chachu kwenye kitambaa, na kuuweka begani kama mtumwa aliyetoroka. Zamu ikamwangukia Bulor, mwanamke fundi cherehani, jirani wa Rabi.

"Unatoka wapi?" Rabi akamuuliza, kama ilivyo desturi.

"Misri."

"Na unakwenda wapi?"

Jibu ni Yerusalemu, hata mtoto analijua. Bulor akashusha furushi. "Siendi popote, Rabi. Na wewe unajua."

Rabi alijua. Mume wa Bulor, Rafoel, alikuwa ng'ambo na mwanamke mwingine, na hati ya talaka hataki kutoa. Si kwamba anamtaka Bulor. Anataka tu asiolewe na mtu mwingine. Na kwetu hati hutoka mkononi mwa mume, kwa hiari yake. Ukimlazimisha, ni karatasi bure, na watoto ambao mwanamke atazaa baadaye watahesabiwa wa haramu. Bulor alishatafuta kila njia, na umri wa kuzaa ulikuwa unamkimbia.



Rafoel mwenyewe alikuwa amerudi kula sikukuu kwa mama yake, suti mpya, marashi mpaka mtaa wa pili. Katikati ya Pasaka zipo siku ambazo kuandika hati ya talaka kunaruhusiwa. Asubuhi mojawapo akaja sinagogi. Wakati wa kutoa gombo la Torati tulisome ulipofika, Rabi akasimama mbele ya kabati la gombo hilo, mgongo kwenye pazia lake.

"Leo hatusomi. Kuna mwenzetu amedhulumiwa, na desturi ya wazee inampa haki ya kutuzuia kusoma mpaka atendewe haki."

"Rabi, mimi nina kisukari, na sijala tangu jana," mzee Pinhas akalalamika.

"Basi mwombe Rafoel akuonee huruma."

Mzee akamgeukia. "We Rafoel, mpe mwenzio karatasi yake tukanywe chai. Unamng'ang'ania wa nini, na viatu vyako huko unavuliwa na mwingine?"

Watu wakacheka. Rafoel naye akacheka. "Mnanilazimisha? Basi hati itakuwa batili. Si ndivyo ulivyonifundisha nikiwa mtoto, Rabi?"

Rabi akaona mtego. Akiendelea kuwashikilia, ameharibu talaka yenyewe. Akisoma, amemzika Bulor akiwa hai. Na kweli yeye ndiye aliyemfundisha. 

Mwisho Rabi akaenda kufungua mlango kwa mkono wake. "Toka ukitaka. Hakuna aliyekushika. Lakini hakuna sheria inayonilazimisha kukusalimu, wala kukuuzia nyama, wala kukupa nafasi ukija kusali."

Rafoel akatoka. Mwenye duka la nyama akamgeuzia mgongo, kinyozi akasema wembe umeisha makali. Hakumaliza sikukuu, akapanda ndege akaenda asikojulikana habari yake. Rabi akabaki na sheria yake, na Bulor akabaki mke wa mtu. Mpaka leo wanasalimiana juu ya ukuta wa ua, Bulor akiuliza, "Bado?" na Rabi akijibu, "Bado, mwanangu."

Sasa ninyi. Mna ndugu huko ng'ambo, msinifiche. Rafoel mwana wa Mashiah, ana kovu kidevuni, anauza mazulia. Wapigieni simu wasimpe mkono, wasimkaribishe mezani, mpaka aende kwa rabi yeyote akatoe hati. Na usiniambie kesho. Piga sasa, nikikusikia.