Kutandika Mwezi

Mama alipotoka eda tu, tukaanza kugombana. Mimi na kaka yangu Mustapha tulikuwa tumeshakubaliana kwenye simu, bila ya yeye kuwepo, kwamba nyumba ya Mnyuzi ifungwe na yeye ahamie kwangu Handeni, ninakoshona nguo. Baba ameshafariki, watoto tuko mbali, na mwanamke wa umri wake hawezi kuachwa peke yake kando ya reli. Tuliona tumesema maneno ya watu wazima. Mama alitusikiliza mpaka mwisho, Mustapha akimwaga maneno kutoka Dar kwenye spika ya simu yangu, kisha akauliza swali moja.

"Mnaogopa nini hasa?"

"Chakula, mama," nikamwambia. "Matumizi ya mwezi yalikuwa yanatoka kwa baba. Sasa yatatoka kwetu, na sisi unatujua. Yatakuwa machache, yatakuishia katikati ya mwezi, na wewe hutasema. Utafunga kanga kiunoni na kunywa maji."

Akacheka. Mama huwa anacheka kwa puani, kicheko cha kukuonea huruma, na hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama hicho.

"Mimi ndiye mnifundishe mwezi? Haya. Nipeni mwezi mmoja, kwa hayo hayo machache yenu. Chakula kikiisha kabla ya mwezi, nafunga mlango kwa mkono wangu nakufuata Handeni kwenye vumbi lako. Kisipoisha, mnaniacha kwangu, na neno hili nisilisikie tena."

"Tumekubali!" akapayuka Mustapha. Kaka yangu mdomo wake haujawahi kuomba ruhusa kwa akili.

Nilimkasirikia, maana mtu anayemjua mama yetu, Maryamu binti Mdoe, hawezi kushindana naye kwenye chakula. Lakini mama hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Dindira, juu milimani, kwenye baridi na chai, na huko kwao hakuna aliyekuwa anapanga mwezi. Ukitaka kabichi unakata, ukitaka viazi unafukua, ukitaka maharage unakwenda kuyachuma na umande wake. Kisha akaja baba, Awadhi, Mzigua wa bondeni aliyekuwa kwenye genge la reli, watu wa kukaza mataruma na kufyeka majani njiani. Akamwoa, akamteremsha Mnyuzi kwenye joto, kwenye nyumba ya mtu anayelipwa mwisho wa mwezi.

Mwezi wa kwanza wa ndoa yao mama alipika kama walivyopika kwao, sufuria inajaa, jirani anaitwa, anayepita anakaribishwa. Mwezi haujafika nusu, unga ukaisha. Baba alikwenda kuazima kibaba kwa wenzake wa genge, na wenzake ni watani zake, kwa hiyo walimpa unga na maneno juu yake. Walimwambia ameoa Msambaa, basi na alime mlima. Mama alisikia. Alikuwa akitusimulia habari hiyo akiwa mzee na bado uso ulikuwa unambadilika.

Hapo ndipo walipoanza kutandika mwezi. Jina hilo sijalisikia nyumba nyingine yoyote. Mshahara ukitoka, baada ya alasiri mama anatandika mkeka barazani na kuweka ungo katikati. Pesa zote zinalazwa chini ya ungo. Juu yake wanaupanga mwezi kwa vitu vyenyewe. Punje ya mahindi ni kisado kimoja cha mahindi ya kusaga, kisado kile kile cha kopo la rangi wanachopimia sokoni. Punje ya mchele ni kisado cha mchele, haragwe ni kisado cha maharage. Jiwe la chumvi ni chumvi, kipande cha mche ni sabuni, kijiti cha kiberiti ni mafuta ya taa ya enzi zile. Sukari huwezi kuiweka kwenye ungo, sisimizi hawataki mkutano, kwa hiyo sukari ilikuwa ni mbegu ya ukwaju, kilo moja mbegu moja.

Wakishapanga, wanaangalia. Baba hakupenda karatasi. Alisema karatasi inakubali kila kitu, lakini ungo unakuonyesha ukubwa wa tumbo lako. Kisha wanavuta pesa kutoka chini na kulipia kila kitu kwa mdomo, na pesa zikiisha huku ungo bado una vitu, vilivyozidi vinashuka. Hapo ndipo raha ilipokuwa. Baba anashusha sabuni, mama anairudisha. Mama anashusha mbegu ya ukwaju, baba anairudisha. Mama hanywi sukari, chai yake ni kavu na tangawizi, na baba alikuwa anakunywa chai tamu mpaka unaona aibu kwa niaba yake. Mama anaishusha tena. Baba anatazama reli kana kwamba amesikia treni, mkono wake unatambaa mkekani, mbegu imerudi.

"Awadhi, nakuona."

"Mke wangu wa milimani. Baridi ya kwenu ndiyo iliyokukunja hicho kiganja, hakifunguki."

Sisi watoto tulikaa pembeni ya mkeka tukisubiri zamu yetu, maana kila mtoto alikuwa na haki ya kuomba kitu kimoja. Mustapha aliomba nyama kila mwezi, akakataliwa kila mwezi, na mwezi uliofuata akaomba tena kama vile hajawahi kukataliwa. Mimi niliomba samaki mkavu, ng'onda wa kukaanga, kwa kuwa nilishajua bei zake na nilijua wanashindwa kunikatalia. Jua linashuka, kuku wanazunguka wakiuviziavizia ungo, na wazazi wangu wanabishana juu ya haragwe moja kwa sauti ya chini. Sijapata kuona watu waliopendana zaidi ya pale. Nimeolewa, nimeachika, nimeshona magauni ya maharusi wengi tu wa Handeni, na bado nasema hivyo.

Basi mwezi wa dau ulipofika, nikalipa nauli kwa hasira zangu nikaja mwenyewe, na pesa zetu mkononi. Nilitaka kuona kwa macho. Mama akatandika mkeka palepale, akaweka ungo, akalaza pesa chini. Alipanga haraka sana. Vidole vyake vilikuwa vinajua njia, punje zinakwenda mahali pake bila kufikiri, na mimi nilikuwa nimekaa upande ule aliokuwa akikaa baba, nimekunja mikono. Alipomaliza, nikauona ungo umejaa nikajua amekwisha.

"Mama, pesa hizi hazifiki huko."

"Wewe umekuja kunisaidia au umekuja kunihesabia? Zitafika. Kachukue vikapu."

Tukaenda soko la Manundu, Korogwe mjini. Kila muuzaji alikuwa anamjua, na kila muuzaji alitaka kumpa pole ya msiba. Alizipokea zote kwa heshima, kisha akazifanyia biashara. Kwa Yusta, muuza mchele, alichukua punje mbili akazitafuna kwa jino la mbele.

"Mchele mpya huu, mama, wa Mombo," Yusta akasema. "Umetoka juzi."

"Mpya ulioshawahi kuzeeka. Pima. Lakini toa kidole humo ndani ya kisado, mwanangu, kidole chako sitakipika."

"Hee, mama! Na pole tena kwa mzee."

"Nimeshapoa. Pole haijazi kisado. Tia nyongeza."

Yusta akatia nyongeza, akacheka, akatia na nyingine. Ikawa hivyo kwenye maharage, ikawa hivyo kwenye dagaa, na kwenye mafuta ya kupima alisubiri mpaka tone la mwisho lidondoke kutoka kwenye mrija, muuzaji ameshika kiuno. Mimi nyuma nimebeba vikapu kama punda wa chokaa, usoni nimenuna, moyoni nimefurahi sana. Tulirudi Mnyuzi na kila kilichokuwa kwenye ungo. Kila kitu. Nilimpigia Mustapha njiani nikamwambia tumeshapigwa.

Mwezi ule nilikuwa nikimpigia mama kila jioni nikifunga cherehani. Umekula nini? Bada la muhogo na mlenda. Umekula nini? Wali na maharage. Umekula nini? Akasema, "Nimekula chakula, Husna. Kuna lingine?" Sauti yake ilikuwa nzima, lakini simu zilikuwa fupi, na mama hajawahi kuwa mtu wa simu fupi. Nikajiambia njaa imeanza kubisha hodi. Karibu na mwisho wa mwezi nikawa na hakika. Nikamfagilia chumba, nikamtafutia kitanda, nikamwomba mwenye nyumba anipunguzie maneno kuhusu mgeni. Nilikuwa namtaka mama yangu karibu, sioni haja ya kuficha hilo. Nilitaka ashindwe.

Siku ya mwisho nilifika Mnyuzi asubuhi. Nikamkuta barazani, ameoga, amejitanda kanga safi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ingia jikoni kaangalie, ndicho kilichokuleta."

Nikaingia. Nikafunua ndoo ya unga. Ilikuwa nusu. Nikafunua ya mchele, nusu. Maharage nusu, dagaa nusu, mafuta yamesimama katikati ya chupa. Na sukari ilikuwa bado kwenye mfuko, fundo la muuzaji wa Manundu halijafunguliwa. Nikatoka nje nikipiga kelele hadi kuku wakatawanyika.

"Ulikuwa unajinyima! Mwezi mzima unaniambia wali na maharage, kumbe unalala na njaa ili utushinde! Kwa ajili ya dau, mama? Kwa ajili ya mdomo wa Mustapha?"

"Punguza sauti. Hapa kuna majirani."

"Wasikie!"

"Nishike mkono." Akaninyooshea. Nikaushika. Ulikuwa mnene na wa moto, mkono wa mtu anayekula. "Nimekula asubuhi, nimekula mchana, nimekula usiku. Sijakuongopea hata siku moja."

"Sasa mbona vimebaki?"

Mama akatazama pembeni. Nilimwona akitafuta pa kuyaweka macho, akapakosa.

"Nilitandika mwezi wa watu wawili," akasema. "Wewe ulikuwa umekaa palepale kwenye mkeka, hukuona? Mahindi yake, mchele wake. Hata ukwaju wake niliuweka. Mimi sukari sinywi, Husna. Nilijua tangu nashika mbegu. Nikauambia mkono punguza, mkono ukakataa."

Kuna msemo watu wanautumia kumfungia mlango mtu, kwamba asiyekuwepo na lake halipo. Nilifikiria kuusema, nikashukuru Mungu sikuusema. Ungo ule niliuona umejaa nikadhani ni kiburi. Baba yangu alikuwepo juu yake na mimi mwanawe sikumtambua.

Tukakaa. Sikujua la kufanya, nikampigia Mustapha, nikamweka kwenye spika, nikamwambia chakula hakikuisha. Sikumwambia zaidi. Akaguta kwa furaha kama mtu aliyeshinda yeye.

"Mama yangu weee! Nilijua! Basi, dau ni dau. Kaa kwako, mama, hakuna atakayekugusa. Husna, umesikia? Mambo yamekwisha."

"Mustapha," mama akasema. "Subiri kwanza."

Akaichukua simu kutoka mkononi mwangu akaishika karibu na mdomo, kama anavyofanya akidhani mtu wa Dar yuko mbali sana asisikie.

"Nyie mliogopa nitabaki na njaa. Njaa mimi naijua. Imenikuta nyumba hii nikiwa mwali wa juzi, tumegombana nayo, nikaishinda, nikawalea. Ningeisikia tu inakuja ningejua pa kushika. Lakini hiki cha kufunua ndoo kila siku na kukuta nusu ya mtu imebaki, hiki sikijui. Nimekaa nacho mwezi mzima. Nusu yake naipika nani ale?"

Mama akanirudishia simu.

"Nimeshinda, nashukuru," mama akasema. "Husna, lete magunia tufungashe. Nakwenda na wewe."

Mwezi mzima nilikuwa naomba aseme neno hilo. Alipolisema, nilitamani alirudishe, aingie jikoni kwake, anicheke kwa puani. Nikasimama nikaenda kutafuta magunia.