Wifi Alitaka Mashavu Yangu

Nilikuwa nameza dawa kila asubuhi, na kila asubuhi naamka hoi kuliko jana.

Siwatanii.

Mimi ni fundi cherehani. Nina ugonjwa ambao kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inanigeukia mwenyewe. Viungo vinavimba, vidole vinagoma kushika sindano.

Daktari alinianzishia vidonge vya steroidi. "Vinaituliza hiyo kinga, uvimbe unashuka," aliniambia. "Ila usiviache ghafla. Tutavipunguza kidogo kidogo."

Vikanirudisha kazini. Vikanipa na mashavu kama puto.

Sasa, wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa anakaa kwetu. Mwembamba, harusi yake inakaribia. Kutwa ananifinya shavu.

"Wifi, nipe siri ya kunenepa."

"Siri gani? Dawa hizo."

Domo langu hilo.

Baada ya muda yeye akaanza kujaa, mimi nikaanza kukakamaa. Siku niliyoshindwa kufunga vifungo vya blauzi, nilibeba kopo langu la vidonge mpaka kwa daktari. Akamimina vidonge kiganjani, akavigeuzageuza.

"Mama, vingi kati ya hivi ni vitamini."

Nyumbani, wifi hata hakukana. "Si nilikuachia vichache, nikakujazia vingine?"

Kinyaa nilichosikia, acheni tu. Vidole vyangu vipinde ili yeye ajaze gauni.

Dawa mpya nikazifungia kabatini. Siku chache mbele, wifi akaanza kutapika, akalegea, akazimia bafuni. Tukamkimbiza hospitali. Daktari wa zamu akauliza anatumia dawa gani.

Mume wangu akadakia: "Hatumii chochote. Ni uchovu wa harusi."

Kisha akanivuta pembeni. "Usituaibishe. Kashanenepa, ukweni wamefurahi."

"Kumbe ulijua?"

"Nilimwona akibadilisha vidonge. Nikasema, si mpaka harusi tu."

Mate yalinijaa mdomoni, nusura nimtemee. Mimi nalia na maumivu, yeye ananipangusa machozi, na anajua.

Nikarudi kwa daktari, nikasema yote. Kumbe wifi alivimeza miezi, kisha akavikosa ghafla nilipofunga kabati, na mwili wake ulishazoea kuletewa steroidi mpaka ukaacha kutengeneza ya kwake. Wakamchoma sindano ya steroidi na kumtundikia dripu. Akapona.

Sasa naye anapunguziwa kidogo kidogo. Mimi nashona kwa dada yangu, nguo zangu zote ziko huku.

Jamani, dawa ya mwenzio si kipodozi. Na ukiibiwa ndani ya nyumba, usimtazame mwizi peke yake. Mtazame na aliyemshikia mlango.