Siku Baba Alipowaita Askari Wamsaidie Shangazi

Harufu ya matope ya mikoko wakati maji yamekupwa, ikichanganyika na moshi ulioganda nguoni mwetu, ndiyo niliyoivuta msimu mzima tulipokimbilia Salale, wakati wa vita vya Maji Maji. Kwetu ni Mbwara, lakini askari wa Mdachi walikuwa wametia moto maghala, nasi tukaja kuishi kwenye dungu, kibanda cha juu ya miti cha kulindia mpunga. Nilikuwa msichana mdogo, meno ya mbele yameng'oka. Tulikuwa na baba, mama, na dada yake baba, shangazi Mwanahawa, aliyenifundisha kusuka ukili wa mikeka na kucheka bila kuziba mdomo. Mumewe alikunywa ile dawa iliyosemekana hugeuza risasi kuwa maji, akaenda vitani pamoja na wanawe. Hakurudi hata mmoja.

Shangazi hakulia. Mwenye kovu usidhani kapoa, wahenga walisema, lakini yeye hata kovu la kuonekana hakuwa nalo. Kisha akaacha kulala, akaacha kula, akawa anawapakulia wanawe chakula tusichokuwa nacho. Asubuhi moja alichukua kata, akachota maji mtoni na kummwagia kila apitaye. "Pita mwanangu, sasa risasi haikupati." Akaingia mtoni kwenye mamba mpaka maji yakamfika kifuani. Baba alipomtoa, akamng'ata mkono. Majirani waliingiwa na hofu, maana siku zile neno maji lilikuwa kitanzi. Baba akapiga kasia mpaka kwa akida, mtawala aliyewekwa na Mdachi, kuomba watu wenye nguvu wa kumshika dada yake apelekwe kwa mganga.

Walikuja askari watatu wenye bunduki. Shangazi aliwaendea akitabasamu, akammwagia aliyetangulia. "Na wewe mwanangu, usife." Askari yule akaruka nyuma kama aliyekanyaga nyoka. "Huyu anatia watu dawa ya vita!"

"Bwana, ni mgonjwa!" baba alilia. "Akili zimemruka. Mimi ndiye niliyewaita, mnisaidie..."

Kitako cha bunduki kilishuka kabla hajamaliza. Nilisikia taya la shangazi likivunjika. Mama alinifunika uso, lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Walimtia mnyororo shingoni, wakamburura hadi mtumbwini. Hakupiga kelele, alitutazama tu kwa mshangao, kama mgeni anayefukuzwa karamuni bila kuambiwa kosa lake. Baba aliwafuata. Alirudi siku nyingine kabisa, amebeba kaniki ya dada yake, imekunjwa vizuri. Mahali alipozikwa shangazi hakupataja, wala hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Leo mimi ni bibi kizee wa Kibiti. Mdachi alikwenda, Mwingereza akaja naye akaenda, bendera sasa ni yetu. Juzi kijana wa jirani alirukwa na akili, akawa anawarushia watu mawe sokoni. Mama yake akapeleka habari polisi. Wakaja wawili na kamba. Hawakumpiga, Alhamdulillahi, mmoja alivua kofia, akamwita kijana kwa jina lake, polepole, mpaka jiwe likamtoka mkononi. Lakini walipomfunga, nilikaa chini pale pale vumbini. Polisi mdogo akaja kuniinua, akaniamkia.

"Mjukuu wangu," nikamuuliza, "tabibu wake yuko wapi?"

Aliinamisha macho. "Bibi, hakuna mwingine. Tuliopo ni sisi."