Salamu za Mwalimu Imakulata

Siku ya kwanza Mwalimu Imakulata hakuwa na neno na Tuhfa, mwalimu mgeni. Alimpa kiti, akamwonya kuhusu bati linalovuja darasa la nne B, wakanywa chai. Kilichokuja baadaye tukiite kwa jina lake: wivu, wivu mbichi, ule unaomfanya mtu mzima anyamazishe darasa lake ili asikie jirani wanacheka nini.

Kwa miaka mingi, katika shule ile ya Nguvumali, somo la kusoma lilikuwa la Imakulata. Alizaliwa kambi ya mkonge, baba yake mkata mkonge asiyejua hata a, lakini wazazi wa wanafunzi walibembeleza watoto wao wapangwe kwake. Kuhusu wazo kuu la habari alikuwa na kanuni moja: linakaa sentensi ya kwanza, lipigie mstari, songa mbele. Watoto waliiimba kama wimbo wa mchakamchaka.

Ndipo akaletwa huyu Tuhfa kutoka Pemba, kijana, mwembamba, sauti ya chini, akapewa mkondo B. Kila asubuhi "Shikamoo dada," kwa adabu zote, na kila shikamoo ilimkumbusha Imakulata umri wake. Tena mkondo B ndiko alikokuwa Ritha, kitinda mimba wake mwenyewe, maana mwalimu mkuu hapendi mtu amfundishe mwanawe.

Mtihani wa muhula ukaja, habari moja kwa mikondo yote. Ilianza, "Siku hiyo Mzee Mjaka alivaa kanzu mpya." Mzee Mjaka akaenda Pangani kumwozesha binti yake, akakaa kupiga soga ng'ambo ya mto, akakosa kivuko, ndoa ikaahirishwa. Habari hii inahusu nini? Mkondo A, wa Imakulata, karibu wote wakaandika: kanzu mpya. Mkondo B wakaandika: Mzee Mjaka alichelewa, ndoa haikufungwa. Walimu walicheka mpaka chai ikamwagika. Imakulata naye alicheka, kwa meno ya mbele tu.

Jioni hakuweza kujizuia. "Anawafundishaje huyo mwalimu wenu?"

"Anatutuma," alisema Ritha. "Anasema kila habari ni salamu umetumwa na mama kwa jirani. Njiani umecheza, umesahau yote. Sasa ni neno gani moja lisipofika mama atakasirika? Hilo ndilo wazo kuu. Mengine ni hodi na hamjambo."

Imakulata aligeukia jiko asionekane uso. Lilikuwa jambo zuri, na uzuri wake ndio uliomuuma. Yeye aliyetumwa utoto mzima, kambi nzima, mwalimu wa miaka yote hii, kwa nini halikumjia yeye?

Tangu hapo chakula hakikupita bila jina la Tuhfa. Mwalimu Tuhfa anasema tafuneni polepole. Mwalimu Tuhfa ana kalamu ya zambarau. Jumapili Ritha akatokeza tayari kwenda misa, amejitanda mtandio vilevile anavyojitanda Mwalimu Tuhfa. Hapo mama akaona anaporwa mtoto mchana kweupe.

Waliporudi kanisani alimwita. Kwa watu wa Tanga mwenye jambo na jirani haendi kusimama mlangoni kwake, anamtuma mtoto. Tuhfa alipanga chumba uchochoro wa pili.

"Nenda kwa mwalimu wako. Msalimie sana. Mwambie mama anashukuru kwa juhudi zake, ila shule ina utaratibu, na kelele za darasa lake zinafika kwetu, na sisi tulikuwepo kabla yake na watoto walifaulu, na mtoto wa mtu hafundishwi mpaka namna ya kujitanda. Umeshika?"

"Nimeshika," alisema Ritha, akaondoka mbio.

Alirudi mikono imebeba sahani ya visheti, imefunikwa kitambaa.

"Umemwambia yote?"

"Yalikuwa marefu, mama. Nimepeleka lile neno moja."

"Lipi?"

"Kwamba unamwonea wivu."

Imakulata alikaa kitako kizingitini. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kumchapa mtoto, na hakuona amchape kwa kosa gani, maana kati ya yote aliyomtuma hakukuwa na neno jingine la kweli.

"Akacheka?"

"Hakucheka. Alifuta macho. Akasema, 'Kamwambie mama yako, mie nami namwonea wivu. Kengele ikilia, nyote mwaenda zenu kwa mama zenu. Mie narudi kwenye chumba kitupu.'" Ritha alifunua kitambaa. "Halafu akanipa hivi."

Imakulata aliinuka, akavichukua visheti. Kisha alivimimina kwenye bakuli, akaiosha sahani, akapakua wali wa nazi na kipande kikubwa cha samaki, akafunika kwa kitambaa kilekile. Ritha akanyoosha mikono aipokee.

"Leo sikutumi," alisema mama yake.

Njiani alipanga maneno mengi: kuhusu kanuni yake, kuhusu ile kanzu ya Mzee Mjaka, kuhusu hali ya kuwa mtu wa zamani mahali. Mlango ulipofunguliwa na Tuhfa akaanza, "Shikamoo da—," yote yakamtoka, likabaki moja.

"Nimekuja tule wote," alisema Imakulata.