Nilisimama kupinga chagulaga ya siku ya mnada, kijiji kikamtenga mama yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Nimeufuta uzi huu mara nne kabla ya kuubandika. Ninayoandika yametokea. Majina nimeyabadilisha na kijiji sikitaji, ila ni huku Shinyanga, mahali ambapo ukipanda juu ya kichuguu unaona vifusi vya mgodi wa Mwadui kwa mbali. Mengine yote ni kama yalivyokuwa, pamoja na sehemu ninazoonekana mjinga.

Nina digrii ya ualimu, somo la Historia, na sina ajira. Huu ni mwaka wa pili najitolea kufundisha sekondari ya kata yetu huku nikisubiri majina ya ajira yatoke.

Halafu mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Mtu akinijibu "sawa" peke yake kwenye simu, nakaa nayo siku mbili.

Sasa twende.

Jumatano moja nilikuwa kidato cha pili nafundisha kukomeshwa kwa biashara ya utumwa. Nikageuka kutoka ubaoni, nikaona madawati ya wasichana upande wa dirishani yako wazi. Nikafungua daftari la mahudhurio, nikarudi nyuma wiki hadi wiki. Kila Jumatano hawapo. Siku nyingine wapo.

Jumatano ni siku ya mnada kijijini kwetu.

Kesho yake nikarudia somo. Minza akanyoosha mkono. Huyu ni mtoto wa marehemu mama yangu mdogo, mama ndiye anamlea, kwa hiyo ni mdogo wangu kabisa.

"Mwalimu, hao waliopinga utumwa kukomeshwa walikuwa watu wabaya tu?"

Nikamjibu harakaharaka kama kitabu. Wenye mashamba, wenye misafara, waliokuwa wananufaika. Walisema uchumi utaanguka. Walisema ni desturi ya tangu zamani. Walisema watumwa wenyewe hawataweza kujitegemea. Na hata sheria zilipopita, biashara iliendelea kwa kificho.

Nikafuta ubao. Nilijiona nimefundisha vizuri.

Kabla hawajatoka nikawaomba wasichana waniandikie kwenye karatasi, bila kuweka majina yao, kwa nini Jumatano hawaji.

Karibu wote waliandika neno moja. Chagulaga.

Wasukuma wenzangu mnaijua. Kwa wasioijua: siku ya mnada au ya ngoma, vijana wanamzunguka msichana njiani wanamwambia "chagulaga", yaani chagua mmoja wetu. Akikimbia wanamfuata. Haachiwi mpaka achague. Zamani vijana walikuwa wa miguu. Siku hizi kuna waliorudi na pikipiki kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu kule Geita, na njia ya shule yetu inapita nyuma ya mnada.

Waliandika pia majina ya vijana hao. Sikuwaomba. Mmoja alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Nisimame kidogo hapa niwaambie kitu cha nyumbani.

Mimi ni mtoto wa chagulaga. Marehemu baba alikuwa anasimulia kila Krismasi. Walikuwa vijana sita, mama akakimbia akalizunguka zizi lote la mnada, mwisho akasimama, akashika fimbo ya baba, ndiyo kuchagua. "Kati ya sita!" baba alikuwa anasema huku kifua kimejaa. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Mama wakati huo huwa ametoka kwenda kuangalia sufuria.

Tuendelee.

Nilikaa na zile karatasi wiki mbili. Niliandika hoja yangu, nikaifuta, nikaiandika upya: kijiji kitunge sheria ndogo, mwanafunzi asisimamishwe njiani siku ya mnada. Mwenyekiti wa kijiji akaniweka mwisho kabisa wa ajenda, kwenye "mengineyo".

Asubuhi ya mkutano mama alikuwa anapepeta mchele. Akaiona bahasha niliyotia zile karatasi.

"Masanja, usiende na hizo karatasi."

"Kwa nini mama?"

"Nimesema usiende nazo. Maneno nenda nayo."

Nikajisemea moyoni, hata mama yumo kwenye wapinzani. Nikaenda nazo.

Dakika za mwanzo niliongea vizuri. Nikagusia hata utumwa, nikasema kila desturi mbaya ilikuwa na watetezi wake. Pembeni, juu ya pikipiki yake, alikuwa amekaa kijana mmoja nitamwita Jilala, wa hao waliorudi kutoka Geita.

"Mwalimu, sema ukweli tu," akapaza sauti. "Shida yako wewe hujawahi kuchaguliwa!"

Mkutano ukaangua kicheko. Mwenyekiti mwenyewe alifunika mdomo kwa daftari.

Mama mmoja, nitamwita Mama Kwandu, akadakia akiwa amekaa: "Sisi humu tumeolewa hivyohivyo. Kwani tumekufa?"

"Hatujafa!" wanawake wakaitikia.

Kisha akasimama Mzee Maganga, kamanda wa sungusungu, ulinzi wa jadi wa kijiji, na baba yake Jilala. Nikajiandaa kutishwa. Hakunitisha.

"Ng'wanawane," aliniita, yaani mwanangu. "Zamani binti alikuwa anaona ng'ombe wanaingia zizini kwao, ndipo anajua ameolewa. Hakuna aliyemuuliza. Mahali alipoulizwa yeye mwenyewe ni kwenye chagulaga. Na kumgusa ilikuwa mwiko. Hawa wa pikipiki wanaharibu, sikatai. Lakini wewe umetoka chuo, unataka kuling'oa hata hilo swali moja. Sasa ataulizwa wapi?"

Wakuu, nilidhani nimejiandaa. Wiki mbili za kuwaza, na hilo halikuwemo. Kicheko cha Jilala bado kiko masikioni, watu wananiangalia.

Nikafungua bahasha. Nikasoma majina. Moja baada ya jingine, pamoja na majina ya baba zao. La kwanza lilikuwa Jilala Maganga.

Ilisikika mashine ya kusaga upande wa pili wa kijiji, basi.

Siku hiyohiyo uamuzi wa wazee ukatoka. Kwa desturi yetu, kijana akikukosea unamchukua mzee mmoja, unakwenda kwa baba yake, mnaongea ndani. Mimi nilizianika kaya za watu hadharani bila kupiga hodi hata kwa moja. Hilo lilikuwa kosa, na mtu aliyekulia hapa hana kisingizio.

Lakini mimi sijaoa, sina kaya. Kosa langu linaingia kwenye kaya ya mama. Aliyetengwa ni yeye.

Kutengwa hakuna kelele. Hupigwi wala hufukuzwi. Husalimiwi tu. Huuziwi, huazimwi moto, huitwi shughulini. Anayekusemesha naye anatozwa faini.

Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza mama bombani. "Mwangaluka," akawasalimu wenzake. Wakainamia ndoo zao. Akasubiri mpaka wote wakaondoka, ndipo akachota.

Tukapeleka mahindi mashineni. Mwenye mashine akazima injini tulipofika, akajiambia mwenyewe kwa sauti kwamba mkanda umekatika. Tulipofika kwenye kichuguu tukaisikia inanguruma. Tukaanza kutwanga kwenye kinu.

Nikiri jambo la aibu. Kuna sehemu ndani yangu ilifurahi. Nilijiambia kila aliyewahi kupinga dhuluma alipingwa, kwa hiyo mimi niko sahihi. Kupingwa kukawa cheti changu. Na huku silali, nahesabu nani kanigeuzia uso, nani kanitazama nusu.

Minza hakunisemesha siku tatu. Siku ya nne akaniambia, "Kaka, tulikuandikia wewe. Hatukuwaandikia wao."

Maana baba za wasichana walianza kuuliza nani aliandika. Rafiki yake Minza, Kabula, akakiri. Ndiye aliyetoboa karatasi kwa kalamu. Baba yake akamtoa shule, akampeleka Kahama kwa shangazi yake. Minza alimwona akipanda basi. Alikuwa amebeba begi la shule, ndani nguo tupu.

Mwezi wa pili wa kutengwa akafariki rafiki wa mama wa tangu usichana, jirani wa nyumba ya tatu. Kila msiba kijijini, mama yangu ndiye husonga ugali wa waombolezaji. Ana mwiko wake mkubwa, mrefu kama mpini wa jembe. Siku hiyo aliuchukua, akajifunga khanga, akatoka mpaka mwisho wa uwanja wetu akasimama. Hakuweza kuvuka. Tulisikia vilio, tukasikia nyimbo za kwaya, tukasikia udongo ukirudishwa kaburini. Akarudi ndani na mwiko mkavu.

"Kesho nakwenda kulipa faini yaishe," akasema.

Nikamwambia, "Nitakwenda mimi, mama. Nitasema nilidanganya. Nitasema wasichana walizidisha, hakuna kitu kama hicho."

Nilikuwa nimeliwaza hilo wiki nzima. Ndiyo njia iliyoonekana fupi.

Mama akanitazama. "Ukisema hivyo, usirudi kwangu."

Kesho yake akafika mkutanoni na mbuzi wa faini. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Mama si msemaji. Kiswahili chenyewe anakitumia kanisani na kwa wageni tu. Siku hiyo aliongea Kisukuma, nitajaribu kuyaweka kama nilivyoyasikia.

"Mwanangu amekosa. Mtoto wa mtu hasomwi jina mbele za watu kabla baba yake hajaambiwa. Kwa hilo nimeleta mbuzi, na kila kaya naiomba radhi."

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Ilitakiwa aketi.

Hakuketi.

"Lakini mbuzi huyu ni wa majina. Njia ya shule siilipii."

Mzee Maganga akasema, "Mama Masanja."

"Namalizia, Baba Jilala. Mume wangu wote mlimsikia akisimulia siku aliyonipata. Alisimulia vizuri, na mimi sikuwahi kumkatiza. Alikuwa mtu mwema, nilibahatika. Ila mimi sikumchagua. Nilichoka kukimbia. Nikashika fimbo iliyokuwa karibu."

Kisha ikasikika sauti ya Mama Kwandu, yuleyule wa "kwani tumekufa", hata hakuinua kichwa. "Mimi kandambili zangu zilibaki palepale mnadani. Mpya."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza mwenyewe.

Na mimi nikiwa nyuma kule, wakuu, niliiwaza sufuria. Krismasi zote zile. Hakukuwa na kitu kilichokuwa kinaungua.

Mwisho Mzee Maganga akasema, "Umelipa. Keti." Kisha, mbele ya wote, akamwambia, "Mwangaluka."

"Mwangaluka," mama akajibu.

Hapo kutengwa kukaisha.

Msitegemee kwamba mambo yamenyooka. Sheria ndogo haikupita, imesukumwa mpaka kikao kingine. Ila Jumatano iliyofuata Mama Kwandu na wenzake wawili walikwenda mnadani kwa njia ya shule, mapema, saa za wanafunzi, vikapu kichwani. Ukiwauliza wanasema njia ile nyingine ina tope. Ni kiangazi. Wiki iliyofuata waliongezeka. Jilala anawaungurumishia pikipiki na kuwaita polisi wa magauni. Kuna mwanaume aliniambia usoni nimemharibia mke, kwamba sasa anauliza mambo ya miaka ishirini iliyopita.

Nilimchukua mzee mmoja, nikaenda kwa Mzee Maganga kuomba radhi kama nilivyopaswa kufanya mwanzo. Akanikaribisha uji. Wakati natoka akasema, "Lile swali langu hujalijibu."

"Bado, mzee."

"Ukilipata, uje."

Nililojifunza ni dogo. Kupingwa si ushahidi kwamba uko sahihi. Walionipinga, wengine walikuwa wanalinda starehe yao. Mwingine alikuwa ameshika swali la kweli. Na wapo waliokuwa wanalinda hadithi waliyoijenga ili waweze kuishi, nami nilikuja na bahasha kuibomoa. Minza akiniuliza leo kama walikuwa wabaya tu, sitafuta ubao haraka namna ile.

Jingine: siri uliyopewa si silaha yako, hata kama unazama.

Minza Jumatano anakwenda shule. Kabula hajarudi. Daftari lake la Historia liko kwenye begi langu, nimeshalisahihisha, amefanya vizuri. Nimepata namba ya shangazi yake, nimeiandika mara kadhaa kwenye simu na kuifuta. Nikienda Kahama kumwombea arudi, labda nitamsaidia. Labda nitakuwa nasoma jina lake hadharani mara ya pili.

Mama anasema niende, ila safari hii nianze kwa kupiga hodi kwa baba yake.

Waliowahi kupita hapa, wazazi, walimu, na nyie mliowahi kuwa Kabula, naombeni mawazo. Hata ya kunisema, nitayasoma yote. Tena zaidi ya mara moja, mnanijua.