Sabuni Niliyomwogeshea Mtoto

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa halii, na sisi tulimshukuru Mungu kwa hilo. Ndivyo tulivyokuwa wajinga. Ilikuwa mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa nchi hii ya kusini, na tulipanga chumba kimoja mtaa wa Berea: mimi, mdogo wangu aliyefika kutoka Kivu akiwa mjamzito, na baadaye huyo mtoto.

Wanawake wa kanisani walipokuja kumwona walimpakata kwa zamu. "Huyu mtoto iko sage, mtulivu kabisa!" mmoja alisema. "Wa kwangu alinitoa roho na makelele." Kweli, alikuwa akilala tu. Ukimwamsha ananyonya kidogo, analala tena. Mimi nilivimba kichwa kwa sifa hizo, maana kumwogesha ilikuwa kazi yangu. Kwetu mzazi hamwogeshi mwanawe wiki za mwanzo. Dada mkubwa yupo wa nini?

Nilimwogesha asubuhi na jioni kwa sabuni niliyokuwa nauza saluni, ile ya kung'arisha ngozi. Wateja waliigombania kama mkate wa moto. Mdogo wangu naye aliiogea tangu mimba, nikimpa bure, nikijiona mkarimu. Kuhusu mtoto nilisema inaua vijidudu. Ukweli ni kwamba nilitaka pia awe mweupe. Naona aibu kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Alipofikisha wiki sita tulimpeleka kliniki kuchanjwa. Nesi alimvua nguo, akamgusa miguu, akashtuka. "Eish! Mbona wa baridi hivi?" Macho yalikuwa bado ya manjano, ulimi umejaa mdomoni, na choo hakupata siku nne. Vyote hivyo tulikuwa tumeviona, tukavizoea. Nesi alituandikia barua, tukaenda hospitali siku ileile.

Daktari alisema Kiingereza, lugha ambayo mdogo wangu hakuijua, kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Majibu ya damu yalipotoka nilimweleza vizuri: kuna tezi ndogo shingoni, ndiyo inayoufanya mwili upate joto, ukue, na ubongo ukomae. Ya mtoto ilikuwa imelala. Angepewa kidonge kila siku. Kama ubongo umeshapata hasara katika wiki hizi, tungejua baadaye, akichelewa kukaa, kutembea, kusema. Mdogo wangu alijiziba mdomo kwa kanga.

Kisha daktari akauliza mtoto anapakwa nini na anaogeshwa kwa nini. Nikaitoa sabuni kwenye mfuko wa nepi, tupu, bila karatasi yake. Akaniuliza inaitwaje, nikamtajia. Akafungua droo, akatoa karatasi ya sabuni kama ile, aliyoipata kwa mgonjwa mwingine, akaweka kidole penye maandishi madogo.

Alisema humo mna zebaki iliyochanganywa na iodini. Iodini nyingi ikipenya ngozi ya kichanga inaweza kuilaza tezi. Hakuapa kwamba sabuni ndiyo iliyomdhuru. Watoto wengine huzaliwa hivyo. Lakini zebaki, alisema, haifai kumgusa mtu yeyote, na nchi hii imeipiga marufuku kwenye vipodozi.

Zebaki! Baba yetu alikuwa mchimba dhahabu, na kichupa chake cha zebaki ya kukamatia dhahabu alikificha juu kabisa darini. Mtoto aliyekigusa alichapwa. Na mimi nilikuwa nikimpaka kichanga kitu hicho, kichwa hadi vidole, mara mbili kwa siku, huku nikimwimbia.

"Amesema nini?" mdogo wangu aliuliza.

"Amesema sabuni ni kali kidogo kwa mtoto."

Alinitazama. "Yaya," alisema, akiniita dada mkubwa kama kwetu, "amesema mercure. Nimesikia. Si ndiyo ile ya papa, ya dhahabu?"

Ndipo nikasema yote, mbele ya daktari asiyeelewa neno. Kwamba karatasi za sabuni nilikuwa nazivua mwenyewe kule saluni, kwa sababu wateja waliozisoma walikuwa wakiniuliza maswali. Kwamba hata mimi najua kusoma, na sikusoma. Hakunifokea. Alimchukua mtoto kutoka mapajani mwangu, akageukia ukutani, akamnyonyesha.

Kidonge tulikiponda, tukakichanganya na maziwa yake kwenye kijiko. Wiki ya tatu mtoto alilia mpaka jirani akagonga ukuta, nasi tukakumbatiana tukicheka na machozi yakitutoka. Nikadhani tumeshapita hapo.

Siku ya kurudi kwa daktari niliamka mapema, nikavaa. Nilipogeuka, mdogo wangu alikuwa tayari mlangoni, mtoto mgongoni, pamoja na jirani yetu Mtanzania, mwanafunzi wa chuo.

"Yaya, wewe baki tu," alisema kwa upole. "Huyu atanitafsiria."