Kisahani cha Mzee Mrisho

Mwaka tisini na saba mradi wetu wa visima hapa Dodoma ulipata gari jipya, nalo lilikuja na umbeya wake. Nyuma ya mita ya spidi kulikuwa na kisahani cha karatasi, na sindano ilichora humo kasi, umbali na kila mara gari liliposimama. Dereva wake alikuwa Mzee Mrisho wa Nkuhungu, mcheshi aliyefiwa na mke miaka sita nyuma.

Afisa usafiri, Bwana Optatus, aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba, alivipenda visahani hivyo kuliko chakula. Kila Ijumaa asubuhi alivisoma kikaoni mbele yetu sote. Mimi Evelina, mpiga chapa, niliandika muhtasari, na nakiri nilifurahi. Mambo ya wenzako matamu bwana.

Ijumaa moja akasema kuwa kila Alhamisi gari husimama dakika arobaini mahali pasipo na kisima cha mradi. Alikuwa amehesabu kilomita, akaona ni Haneti. Akataka maelezo wiki ijayo, la sivyo mzee arudishe funguo.

"Sikufanya uovu, wala sikubeba mzigo wa mtu," Mzee Mrisho akasema. "Zaidi ya hapo, jambo si langu peke yangu."

Akakaa. Kwa mara ya kwanza nikaionea aibu kalamu yangu.

Ukweli niliujua baadaye. Haneti aliishi Mwanahawa, mjane, kwa baba yake mdogo, Mzee Harithi, na Mrisho alimpenda. Lakini kwao mwanamume hajiposei. Hutuma mshenga, na habari haitoki nje mpaka jibu lipatikane. Ikivuja mapema, mwanamke ndiye anayechekwa kisimani. Sasa angemtuma nani, katika ofisi ambayo hata gari linasema? Basi kwa miezi miwili alikwenda, akanywa chai, akauliza hali ya mtama, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata Optatus alipanda gari mwenyewe, shati limepigwa pasi, mkoba kwapani, akajionee. Mzee Mrisho angeweza kupitiliza. Alisimama pale pale, kwa kuwa alijua huenda hatapata Alhamisi nyingine.

Mzee Harithi akatoka, akamwona mgeni nadhifu mwenye mkoba akitangulia mbele ya Mrisho. Akaelewa alivyoelewa. Likatandikwa jamvi jipya.

Optatus akamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Tumekungoja sana. Huyu mwenzako kila wiki anatuuliza mtama tu. Haya, sema ulichotumwa."

Optatus alinisimulia mwenyewe kwamba aligeuka kumtazama Mrisho, akaona yule mzee wa utani ameinamisha macho jamvini kama kijana. Ndipo akazielewa zile dakika arobaini, na moyo ukamuuma kwa yote aliyoyasoma kikaoni. Mkatoliki yule hakujua posa ya Waislamu huanza na neno gani. Akaweka mkoba chini.

"Nimetumwa kuomba," akasema. "Na anayeomba ni mtu wa kutegemewa. Ushahidi ninao kwa maandishi: miezi miwili, hajakosa Alhamisi hata moja."

Mzee Harithi alicheka mpaka akafuta machozi. Nyuma ya pazia kuna mtu naye alicheka.

Kesho yake kikaoni Optatus alifika kwenye kisahani cha Alhamisi. Gari lilikuwa limesimama saa moja na nusu. Sote tukainua shingo. Akakiweka chini ya vingine, akasema gari lilikuwa na kazi yake, tuendelee. Tangu siku hiyo visahani vilifungiwa kabatini, na dereva mwenye swali la kujibu aliitwa pembeni.

Jibu la Haneti lilikuja la heri. Harusini kila mtu alimbana mshenga aseme mambo yalianzaje, naye Optatus akajaza pilau mdomoni.

Mimi bado nina udaku wangu. Juzi juzi nilimuuliza Mwanahawa walikuwa wakizungumza nini dakika arobaini nzima. Akanitazama, akatabasamu, akaniuliza kama chai yangu ina sukari ya kutosha.